Namba Kumi na Saba

Gunia lilikuwa moja. Nalikumbuka:
limeshonwa kwa uzi wa buluu,
limeandikwa 17 kwa wino mzito.
Nyonyo zenye madoa, zinang'aa
kama kupe walioshiba.
Nilizigawa mafungu matatu kwa kikombe kimoja,
kila fungu nikalipandisha lori lake.

Serere, mchanga ulizipokea kama zimerudi kwao.
Siku ya nane, vichwa nje.
Vishada vikanichoma viganja,
mizani ikanesa hadi Okurut, mchoyo wa kicheko,
akacheka:
"Hii itasukuma trekta mpaka Soroti na kurudi."

Kabale, Kyomugasho alinipigia simu mvua ikinyesha.
"Njoo uone majani! Mbarika yako imenipita kimo."
Na mbegu?
Akanyamaza kidogo.
Ukungu ulikuwa haupandi hadi saa nne,
na kuvu ya kijivu ilikwisha kuvaa vishada kama soksi.
Mti mrefu, debe jepesi.

Nadunget mvua ilikuja mara mbili
ikaona yatosha.
Huko bingwa wetu alifika magotini, akakauka.
Lakini Namba Nne,
ile ambayo Serere tuliiandika "dhaifu" bila hata kuketi,
ilisimama.
Lomilo aliponda mbegu zake juu ya jiwe;
siku ya tatu jiwe lilikuwa bado linateleza.

Sasa karatasi ya Kampala iko mezani.
Kisanduku kimesema: Mbegu bora.
Kidogo, kinatosha namba moja tu.

Nami nilipokuwa na miaka ishirini na miwili
walinipeleka milima hiyohiyo ya Kabale.
Nilikohoa mwaka mzima. Bosi akaandika:
mzito, hana ari.
Mwaka uliofuata, Serere, mikono ileile,
nikapewa baiskeli ya mfanyakazi hodari.
Karatasi zote mbili ninazo. Sahihi ni ya mtu mmoja.

Basi nikaandika kisandukuni: Wapi?
Herufi ya mwisho ikavuka mstari.

Leo imerudi, imezungushiwa duara jekundu:
Jibu swali.

Nje jua limekaza.
Namba Kumi na Saba inapasuka kitaluni, ta, ta,
inarusha mbegu mpaka kizingitini pangu,
imejaa mafuta, imejaa majivuno,
haijui kwamba iko Serere.