Daftari la Kilomita

Magari manne meupe, ya mkono wa pili,
Thuweni aliyanunua Wadi Kabir siku ya Ijumaa,
akarudi Mabela jasho likimchuruzika, anacheka kama bwana harusi.
Kampuni ilikuwa na miezi mitatu:
meza moja, birika la chai, mkopo wa benki,
na mafundi wanne wa viyoyozi waliokwenda kazini
kwa teksi, ngazi imetokeza dirishani.

"Nani atamwita tena fundi," alisema,
"anayefika saa mbili baadaye
amekumbatia mtungi wa gesi kama mtoto wa kuazima?"
Akabandika jina letu milangoni, herufi za buluu.
La gari la tatu likakaa upande,
na limeinama hadi leo.

Mimi alinipa daftari.
Mama yangu alizaliwa Wete, mimi Matrah,
na daftari ni daftari popote:
kilomita za asubuhi, kilomita za jioni, lita, baisa, sahihi.
Magari yalale uani kwa mafundi, funguo wabaki nazo,
maana kiyoyozi hakichagui saa ya kufa.
"Lakini gari si zawadi, Shinuna," aliniusia.
"Gari ni nyundo. Kazi ikiisha, nyundo haitembei."

Ikaja Juni.
Gari la tatu likaanza kunichanganya.
Kilomita sawa na za wenzake,
mafuta lita sita zaidi kila wiki.
Nilijumlisha, nikatoa, nikakipiga kikokotoo kofi.
Gari halikwenda popote, na tangi likakauka.

Mafuta hayana miguu.
Nikasema: mtu ananyonya kwa mpira,
anauza kwa galoni nyuma ya karakana.
Dereva wake Mwakio, wa Wundanyi kule Taita,
mpole, maneno ya kuhesabu,
na shati lake nikaanza kuliona jeupe mno.

Jumanne usiku nikaenda. Sikumwambia Thuweni.
Saa tatu, na joto bado limekaa juu ya mabati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Gari lilikuwa pale pale lilipoegeshwa,
injini ikinguruma polepole,
vioo vikitoka jasho kwa nje.
Nikasogea, simu mkononi, tayari kwa picha ya ushahidi.

Ndani, Mwakio amevaa lile shati,
simu yake ameiegemeza kwenye usukani,
vidole saba hewani.
"Mghoi, saba mara nane?"
Kimya.
Kisauti kutoka mbali kikasema hamsini na nne.
"Rudia, mama. Hatuna haraka."

Chumbani kwao wanalala wanane.
Yupo anayekoroma, yupo anayesali,
yupo anayegombana na mkewe kwa spika.
Katika nchi hii yetu, mlango pekee
alioweza kuufunga kwa ndani akabaki peke yake
ni ule wenye jina lililoinama.

Niliondoka kabla mtoto hajapata jibu.
Njia nzima midomo yangu ikawa inamnong'oneza:
hamsini na sita, hamsini na sita.

Asubuhi Thuweni alisimama mezani, kidole juu ya mstari.
"Na lita sita hizi?"
Nilimwambia kweli? Nusu.
Nilimwambia, kiyoyozi.
"Fundi wa viyoyozi," akasema, "na chake ndicho kinachokunywa?"
Akacheka, akaenda kupokea simu.

Nikachukua rula,
nikachora safu mpya pembeni mwa lita na baisa.
Jina la kuipa likanishinda.
Niliandika "Chumba", nikafuta, wino ukagoma kutoka.

Kila Alhamisi naijaza.
Sita.
Sita.
Sita na nusu,
wiki ile ya mtihani.