Milimita Tisa

Picha niliituma kwa simu,
saa nne asubuhi, Newala imezama kwenye ukungu,
mtandao unapanda na kushuka kama homa.
Mapafu mawili ya Bwana Likwena
yakasafiri hadi Mtwara, yakatua
kwenye kioo kisichozidi kiganja.
Daktari Mchekenje alikuwa koridoni, kati ya wodi mbili.
Akajibu neno moja: Safi.

Sikumlaumu. Hata mimi, kwenye simu yangu,
niliyaona safi:
mbavu nyembamba kama njiti za ufagio,
moyo umeegemea kushoto, kama kawaida yake.

Lakini Likwena alikuwa bado kwenye benchi,
anakohoa kwa adabu, mdomo kauziba kwa kofia.
Misimu kumi na tisa ameibeba mashine ya salfa mgongoni,
mikorosho ya watu, vumbi la njano,
puani kipande cha khanga ya mkewe.
Nikarudi chumba cha eksirei, nikawasha kioo kikubwa.

Chini ya mtulinga wa kulia, imejibanza nyuma ya ubavu,
punje.
Nikaikuza. Ikawa korosho.
Nikaikuza tena. Ikawa wingu.
Nikaikuza mara ya tatu, kwa uchu,
ikasambaratika kuwa viraka vya kijivu,
nami nikabaki natazama kioo, si kifua.

Anayepajua Shimo la Mungu atanielewa.
Ukisimama ukingoni, Ruvuma ni uzi
na mwenye jembe kule bondeni hayupo.
Ukishuka ukamfikia, ukampa mkono,
utaliona hadi kovu la kidole chake,
ila mto umekupotea.
Mahali pa kuviona vyote viwili
hakuna aliyepawekea alama.

Nikasukuma kiti nyuma. Hatua moja. Mbili.
Ya tatu mgongo ukagusa mlango,
na punje ikarudi, imetulia, ina kingo,
kama mtu aliyechoka kujificha.

Nikampigia daktari. Sikusema umekosea.
Nilisema, "Ile picha, itazame mezani."
Nikasikia viatu vyake, ngazi, ufunguo,
kompyuta inaamka kwa uvivu,
halafu kimya kirefu kilichokula salio langu.
"Nimeiona," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo,
"Tangu asubuhi nimesoma nne kwa simu."
Hakungoja nijibu. Akakata, akazifungue.

Likwena akaniuliza, kofia mkononi,
"Ni kubwa kiasi gani?"
Nikatanua vidole, nikavibana, nikavitanua.
Kwenye simu si kitu.
Kwenye kioo ni korosho na ganda lake.
Ndani yako, shemeji, ni punje ya kunde,
milimita tisa,
na hizo nazo
sikujua nimwoneshe kwa kidole kipi.