Kanuni ya Tatu

Chumba chetu Sohari, nyuma ya soko la mboga:
vitanda vinne vya ghorofa, walinzi wanane,
kiyoyozi kimoja kinachokohoa usiku kucha.
Kanuni niliziandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka,
nikazibandika kwenye friji kwa plasta ya kidonda.
Moja, sufuria huoshwa na aliyeichafua.
Mbili, viatu nje.
Tatu, baada ya saa tano usiku hapana simu;
faini baisa mia, itiwe katika mkebe wa maziwa ya unga.
Sote tulitia sahihi. Kasujja alitia mara mbili.

Wiki ya pili Mwakideu akavunja.
Si kwa kelele. Alijifunika blanketi gubigubi,
akawa kilima chenye taa ndani,
na kilima kikanong'ona: Amelala?
Hebu isogeze simu puani mwake,
nisikie tu anavyopumua.

Asubuhi tukamweka kitako.
Lokwang, ambaye saa tisa ya usiku huwa keshaamka
kwenda lango la bandari,
alisema ahadi ni ahadi.
Mwakideu hakubisha. Mkewe, alisema,
hufunga kibanda cha chapati saa nne, kule Voi,
na saa nne yao ndiyo saa tano yetu.
"Kanuni yenu," akaanza, akajirudi, "kanuni yetu
imenipita kwa saa moja tu."

Tangu hapo akawa analipa kabla ya kosa.
Nasikia noti ikiteleza mkebeni, kisha blanketi.
Mia. Mia. Mia.
Mkebe ukashiba. Tukanunua sukari, majani, hata iliki,
na Lokwang akainywa chai hiyo amenuna,
vikombe viwili.
Mimi ndiye niliyeona tulipoteleza:
tulitaka faini, kumbe tumeuza kibali.
Nikachukua kalamu niipandishe iwe mia tano.
Nikasimama mbele ya friji
mpaka mlango wake ukaanza kulia.

Ijumaa hatukupiga kura.
Shemdoe alisema tu kwamba jikoni,
kati ya mtungi wa gesi na ukuta,
panamtosha mtu mmoja aliyekunja magoti.
Tukatandika gunia la basmati.
Pazia aligongomea Lokwang mwenyewe,
misumari mdomoni, hasemi na mtu.

Kanuni ya tatu ingali pale, plasta imegeuka rangi.
Hakuna aliyeifuta.
Jana usiku nilikwenda kunywa maji,
nikakuta pazia limeshushwa, na chini yake
buti za Lokwang, ndani ya nyumba,
kanuni ya pili ikitazama.
Alikuwa akisema Kiturkana, polepole,
akinyamaza kwa muda mrefu, akisema tena.
Sikuelewa hata neno.

Nikanywa gizani, nikaosha kikombe,
nikatia baisa mia mkebeni.
Mpaka sasa sijui
nilimlipia nani.