Kisima namba kumi na saba

Wa kwanza walikuja na gari jeupe,
wakachota, wakafunga, wakaondoka.
Maji yetu yalisafiri mbali kuliko sisi
na hayakutuma hata salamu.

Kwa hiyo Nsenga alipobisha, begi la chupa begani,
Mama Mwansa alimzuia mlangoni:
"Na ninyi, mtarudi?"
Hakuapa. Aligeuza bidoni tupu, akakalia,
akauliza: "Mnajua nini
ambacho mashine yangu haikijui?"

Tulicheka kwanza. Halafu tukasema.
Kwamba kwa Kapend chai inakuwa nyeusi kabla majani hayajalowa.
Kwamba kuanzia mtaroni hadi kanisani sabuni inakataa povu,
na maharage yanachemka toka alfajiri,
makala yanakwisha, maharage bado mawe.
Kwamba mvua ya kwanza ikinyesha Lubumbashi
watu wa mjini wanashukuru vumbi limelala,
sisi tunatazama nyuma ya ukuta wa kiwanda:
kinachoteremka pale si rangi ya udongo,
ni kijani cha shaba iliyosahauliwa mvuani.

Alikuja na ramani yenye vitone kumi
vilivyochaguliwa na kompyuta.
Mama Mwansa akaomba kalamu.
Jioni vilikuwa thelathini na moja.

Tukajifunza. Chupa inasuuzwa mara tatu
kwa maji yaleyale itakayobeba.
Kidole kisiguse ndani ya kifuniko.
Andika saa. Andika nani amechota.
Chola wangu, darasa la sita,
alisoma tarakimu za kile kimashine kwa sauti ya misa,
na mabibi waliokuja kuuza mikate
wakanyamaza kama wanasubiri kuitikia.

Kumi na tano. Kumi na sita.
Kumi na saba ni uani kwangu.

Kasweka alikichimba mwaka ule kiwanda kilipomrudisha nyumbani
na barua ya mistari minne.
Sururu, ndoo, mita kumi na nne,
ubavuni mwa kichuguu, maana alisema
mchwa hajengi mbali na maji.
Ndoo ya kwanza alinipa mimi nionje,
yeye midomo imepasuka kwa kiu.

Franka mia kwa bidoni.
Kimevalisha watoto watatu sare,
kimelipa hospitali, kimelipa jeneza lake.
Maji maangavu, hayana harufu;
ukiinama unaona uso wako, na nyuma yake wingu.

Ningeweza kuiruka. Nani angehesabu?
Nilisuuza mara tatu.
Nikaandika saa. Nikaandika jina langu.

Oktoba, joto limekaa juu ya mabati ya ukumbi wa parokia,
Nsenga akarudi.
Tulikuwa tumekubaliana: namba tu, bila majina,
mtu asinyooshewe kidole.
Akasoma polepole, kwa Kiswahili,
risasi, kobalti, kipimo kinachoruhusiwa, kipimo kilichopatikana.
Namba kumi na saba aliisoma kama zile nyingine,
ila alimeza mate kabla.

Watu wakaangalia viatu vyao.
Nusu ya ukumbi ilikuwa imekunywa kwangu asubuhi hiyo.

Nikasimama. "Ni changu," nikasema,
kana kwamba hawakujua.
Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.
Kapend alisogea kwenye benchi, akanipa nafasi,
na karatasi ikaanza kuzunguka:
barua kwa meya, nakala kwa kiwanda,
sahihi arobaini, dole gumba kumi na mbili
za wino wa zambarau.
Bado haijajibiwa.

Nimetia kufuli kwenye kifuniko.
Naamka saa kumi kufuata bomba la kule ng'ambo
na kupanga foleni na wateja wangu wa zamani.

Kasweka, usiku nakusikia ukichimba.
Acha sururu, mume wangu. Si wewe.
Wewe ulishuka mpaka ukakuta maji.
Wao hawakuchimba kitu, walimwaga tu.

Jumatatu tunachota tena, ya masika.
Nimebadilisha kamba.
Chola ameshachonga penseli.