Hakukifunga

Upepo wa Punta Arenas unapiga bati.
Shangazi Nevenka kaleta kompyuta mpakato ya zamani,
bawaba moja imegangwa kwa plasta ya kidonda,
na kidiski cha harusi yake, kidogo kama kisosi.

Kinazunguka, kinakohoa, kimya.
"Hakuna diski," kioo chasema.
"Ipo! Nimeiweka mimi!"

Nafuta lenzi kwa pamba na spiriti.
Nafuta kidiski, toka kitovuni kwenda ukingoni,
kamwe si kwa kuzungusha.
Nabadili programu. Nazima, nawasha.
Naweka katuni za mwanangu: zinacheza bila kinyongo.
Basi mgonjwa si mashine.

Chini ya taa, tumbo lake lina rangi mbili:
pete iliyokolea palipoandikwa,
kisha weupe mtupu.
Aliyerekodi hakukifunga.

"Alirekodi nani?"
"Yerko." Bwana harusi mwenyewe, kamera mkononi,
siku ya kufunga ndoa.

Anacheka mpaka chai inamwagika.
"Na ile pia hakuifunga sawasawa."

Kamera iliyorekodi ndiyo iwezayo kufunga.
Iko kwake, Porvenir, ng'ambo ya mlango wa bahari.

Shangazi anafuta meza kwa kiwiko,
polepole, kwa kuzungusha,
kisha anauliza feri ya kesho inaondoka saa ngapi.