Mlango wa Vakho

Jumapili, jua halijaamka,
dari yangu inakohoa vumbi.
Ni Eteri, ghorofa ya tano,
anakata kitu kwa msumeno kibogoyo.

Nikapanda ngazi na ndara na hasira
(lifti yetu hapa Rustavi hula sarafu, haipandi),
nikamkuta amepiga magoti sebuleni
mbele ya mlango uliolazwa chali kama mgonjwa.
"Shika huku, Gurami."
Hata salamu hakunipa. Nikashika.

Miaka ishirini na minane alikata tiketi
kwenye mabasi ya umeme,
mpaka nyaya zikashushwa, zikauzwa kwa kilo.
Pensheni yake hufika tarehe nne;
tarehe tisa imeshaaga.
Ndiyo maana nyumbani kwake hakuna kitu kinachoruhusiwa kufa.
Uma uliopinda ni kulabu ya makoti.
Pipa la mashine ya kufulia, ile iliyogoma mwaka wa mafuriko,
limejaa udongo, giligilani inachungulia kwenye matundu.
Vifuniko vya mitungi ya jamu kavipigilia chini ya rafu,
mitungi inaning'inia kama popo;
ukiuzungusha mmoja unakuachia misumari,
mwingine vifungo, mwingine maharage
ambayo hakuna anayekumbuka kama ni mbegu au chakula.

Mimi nilikula ujana wangu tanuruni, najua:
kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Lakini mwanamke huyu
angeligeuza koleo lenyewe kuwa kiango cha taa.

Futi kamba hana. Hupimia mshipi wa marehemu mumewe.
"Mishipi miwili na tundu la tatu," anasema,
nami naandika ukutani kwa penseli
kana kwamba dunia nzima inakijua kipimo hicho.

Mwanawe, Vakho, yuko Bremeni, anapaka meli rangi.
Kila sikukuu: "Mama, nitakutumia meza.
Ya dukani. Ya kioo."
Akatuma kwanza katalogi, nene, inayong'aa.
Meza bado iko njiani tangu theluji ya mwaka juzi.
Eteri hakubishana naye.
Alifungua bawaba za chumba cha kijana, moja moja.
"Chumba kisicho na mtu," alisema, "kinafungwa ili iweje?"

Siku tatu tulipiga msasa.
Ikatoka nyeupe, ikaja bluu,
na chini ya bluu, kijani cha hospitali,
rangi niliyoiiba mwenyewe kiwandani
mwaka ule ambao kila mtu aliiba.

Gundi: lari sita.
Skrubu: bure, za kitanda chake cha utotoni.
Miguu: mabomba ya maji, usiulize ya nani.
Ukucha wangu mmoja: haukulipwa.

Ukingo mmoja tu alinikataza kuugusa.
Pana mikwaruzo ya kisu pale, na tarakimu:
sita, saba, tisa, kumi na moja na nusu.
"Nane iko wapi?"
"Alikuwa na surua. Alikataa kusimama."

Tundu la kitasa tuliliacha.
Chupa ya mvinyo huingia humo shingo juu, haianguki
hata tukianguka sisi.

Mwezi wa kumi Vakho akaja.
Akaenda moja kwa moja chumbani kwake,
mkono ukashika kitasa, ukashika hewa.
Kisha akaketi.
Sahani ya mkate wa jibini ilitua juu ya miaka tisa,
kiwiko kwenye kumi na moja na nusu.
Akapitisha kidole pale ukingoni, taratibu,
kama mtu anayesoma barua gizani.
Akaomba chumvi.

Meza ikayumba kidogo. Akainama kuangalia:
chini ya mguu mmoja, imekunjwa mara nne,
katalogi yake.

Usiku alikoroma, na kwa kuwa hakukuwa na mlango
nilimsikia mpaka kwangu.

Alipoondoka, mama yake alimsindikiza hadi ngazini.
Nilikuwa nafagia, sikusikiliza kwa makusudi.
"Hilo sanduku lako," alimwambia,
"naona gurudumu moja limekufa.
Unaondoka nalo?"