Staringi Hafi

Banda la Luhende lilikuwa Kirumba, juu kidogo ya Mwaloni:
mabati pande tatu, upande wa nne jiwe,
jiwe lenyewe la mlima, limekunywa jua mchana kutwa,
usiku tunaliegemea migongo likiwa bado na moto.
Kiingilio mia mbili.
Mtoto asiyejua kunyamaza, mia tatu.

Hapo ndipo tulipomjua Saa Tisa.
Mchana tarishi, mtu wa kubandika stempu,
kiatu kimoja kimelika upande.
Usiku, saa tisa ikigonga, nguvu zinamshukia:
lori analiinua kama kifuniko cha sufuria.
Jogoo akiwika, kwisha habari yake.
Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Moja tu.

Sizoni ya kwanza, sehemu ya sita,
ameshikilia daraja, juu yake basi lina watu arobaini,
na mbingu inaanza kuwa na rangi ya maji ya mchele.
Luhende, kipaza sauti mkononi, alinyamaza.
Hapakuwa na cha kutafsiri.
Tulisikia jenereta, na nyuma ya jenereta, ziwa.
Staringi hafi, kila mtoto wa Kirumba anajua,
lakini usiku ule tulisahau.
Kokugonza muuza dagaa alisema, taratibu,
"Jamani, kunakucha."

Sijui walianza kutuharibia lini.
Labda sizoni ya nne, alipookota pete
na nguvu zikamjia saa sita mchana, sokoni,
bila jasho, bila kuangalia saa.
Sizoni ya tano mkewe akarudi,
yule tuliyemzika sizoni ya pili,
Kokugonza akajifunga kanga kiunoni kumlilia kama wa kwao.
Karudi na nywele zimesukwa vizuri,
wala hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi.
Adui akawa ndugu yake.
Kisha ndugu wa huyo ndugu.
Kisha Saa Tisa mwenyewe, wa dunia nyingine, ana ndevu.
Na maneno! Kila sehemu wawili wamesimama kwenye korido,
mmoja anamsihi mwenzake ajiamini,
na mji unaungua dirishani, unawasubiri wamalize.

Luhende akaanza kudanganya.
"Huyu si mkewe," alisema, "ni dada wa marehemu,
amefuata mirathi, anaitaka nyumba."
Banda zima: aaah!
"Mchana huu hana nguvu hata chembe,
anawatisha kwa jina tu. Mtazameni mkono, unatetemeka."
Tukatazama. Wallahi, ulitetemeka.
Yule wa ndevu akampa deni la nyavu
na mtoto anayeumwa huko Ukerewe.
Mimi kidato cha pili, Kiingereza cha kuokoteza,
nilisikia midomo ikisema moja, Luhende akisema kumi.
Nikafunga wangu.

Sizoni ya tisa, sehemu ya kumi na nane,
dunia ikaisha kwa mara ya tatu mwezi ule.
Luhende akaweka kipaza sauti juu ya jiwe.
"Staringi hafi, sawa," alisema.
"Sasa mwandishi mbona kafa yeye?"
Picha ikaendelea peke yake, kwa lugha yake.
Watu wakatoka mmojammoja, wakidai chenji.
Wiki iliyofuata banda likawa la mpira,
na mwaka uliofuata mabati yalizungushiwa kuku.

Juzi nilishuka Mwaloni.
Kokugonza ana miwani siku hizi, kamba badala ya mkono mmoja.
Hakuuliza habari za Saa Tisa,
wala pete, wala dunia zile nne au tano.
Alichota dagaa, akasita, kisado hewani:
"Hivi yule dada wa marehemu,
ile nyumba aliipata?"

Nikatazama ziwa, nikatafuta.
"Bado," nikamwambia. "Kesi iko mahakama ya mwanzo.
Shahidi mmoja amekataa kuja."
"Nilijua tu," akasema. "Ni yule shemeji."
Akaniongezea konzi, juu ya bei.